Kambi ya Kijiji Rondo, Lindi: Kitanda Wastani, Usiku Bab'kubwa

Ndugu zangu watazamaji, hamjambo? Leo nawaongelea kutoka Rondo, mkoa wa Lindi, juu kabisa kwenye uwanda. Mkiniona nimevaa sweta msicheke. Wengi mnaijua Lindi ya jua na jasho pale stendi, lakini huku juu alfajiri watu wanaota moto.

Kambi ninayoichambua haina jina wala kibao. Ni mabanda machache pembeni ya msitu wa kijiji. Mali ni ya kijiji, na kamati ya maliasili ndiyo inayoendesha. Ukifika uliza "kambi ya kamati", hata mtoto atakupeleka.

Malazi nayapitia haraka, maana hayana mengi. Banda la miti na udongo, paa la nyasi, kitanda cha mbao, godoro la sponji ambalo mgongo wangu umelitambua mapema sana. Chandarua kipo na hakijatoboka, na hilo msilichukulie poa: mikoa yetu ya kusini malaria haijaondoka. Taa ni ya sola, kuoga ni ndoo, maji ya moto unaagiza. Choo ni cha shimo, kisafi, ila kiko mbali mno na mabanda. Saa nane usiku utaona ule umbali ni safari.

Chakula, hapo nakaa kidogo. Asubuhi chai ya mchaichai na ming'oko ya kuchemsha. Kwa msiozoea kusini: ming'oko ni mizizi ya porini, inachimbwa, unaimenya kwa vidole na kula taratibu. Nilimuuliza mama mpishi kama huwa anawapa wageni mkate. Akanijibu, "Mkate si umeuacha kwako, mwanangu?" Mchana ugali wa muhogo na mbaazi za nazi. Jioni tena mbaazi. Kesho yake nadhani mnajua.

Sasa msitu. Aliyenielekeza huku aliniambia ni msitu wa mvua. Tuwekane sawa, usije ukapanda ukitegemea Kongo. Huu ni msitu wa pwani, sehemu ya ule ukanda wa vipande vya misitu unaofuata pwani yetu kutoka Kenya hadi Msumbiji. Mvua hapa ina msimu mmoja, inaanza kama Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei, na kiangazi baadhi ya miti inapukutisha majani. Mivule mikubwa mingi ilivunwa zamani, enzi za Mwingereza. Kwa hiyo ukitafuta miti ya kukufanya uvunjike shingo kwa kutazama juu, iko michache. Utajiri wa hapa ni wa vitu vidogo, na vingi vinatoka usiku.

Mwenye usiku wake ni komba mdogo wa Rondo. Alitambuliwa kisayansi kama spishi ya peke yake mwaka 1997, na jina lake la kitaalamu limebeba Rondo hii hii. Uzito wake ni kama gramu 60, yaani korosho za kiganja kimoja. Amewahi kuingia zaidi ya mara moja kwenye orodha ya dunia ya wanyama 25 wa jamii ya nyani na kima walio hatarini zaidi, kwa sababu anaishi kwenye vipande vichache tu vya msitu, vyote hapa Tanzania: Rondo, Litipo kule upande wa Lutamba, na vingine hadi Pande, jirani kabisa na Dar es Salaam. Wakazi wa Mbezi mmesikia hiyo?

Tulitoka baada ya chakula cha jioni na dada mmoja wa kamati. Mimi nimejipanga, nina tochi yangu inayomulika mpaka wilaya ya pili. Akaniambia, "Kaka, hiyo zima. Ukimmulika komba machoni, usiku wake umekwisha." Akanipa ya kuvaa kichwani, yenye mwanga mwekundu. Mgeni mwingine akataka kucheza mlio wa komba kwenye simu ili wasogee. Dada akakataa katakata, na hakuomba radhi. Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu kambi hii.

Kumbe kazi kubwa ni masikio. Komba wakubwa wanalia kwa nguvu, unaweza kudhani kuna mtoto ameachwa msituni. Huyu mdogo mlio wake ni mwembamba, unakuja kwa vipande viwili viwili. Dada alikuwa anasimama, ananyoosha kidole gizani, anataja nani yuko wapi. Kamera yangu, niwe mkweli, imepata macho mawili na tawi linalotikisika. Sauti mtaisikia sasa hivi, vaeni spika za masikioni.

Tuje kwenye hela, ambako kambi nyingi zinazojiita za jamii huwa zinaanza kigugumizi. Hapa nimelipa elfu 30 kwa kichwa, kulala na milo, nikapewa stakabadhi ya kijiji. Mapato na matumizi yamebandikwa ukutani ofisi ya kijiji, na yanasomwa kwenye mkutano mkuu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ndiyo inayokipa kijiji nguvu ya kutenga msitu wake, kuusimamia na kubaki na mapato. Jirani zao wa Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi, walipitia njia hiyo hiyo kwa mpingo, na mwaka 2009 msitu wao ukapata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayosimamiwa vizuri. Kule Peru, jamii ya Infierno iliingia mkataba na kampuni mwaka 1996 kujenga Posada Amazonas, nyumba ya wageni msituni: faida ilikuwa asilimia 60 ya wanajamii, 40 ya kampuni. Huko mtaji na soko vilikuja na kampuni. Hawa wa Rondo hawana kampuni, kila senti ni yao, na ndiyo maana godoro liko vile.

Kasoro yangu kubwa: elfu 10 ya matembezi ya usiku nimempa mwongozaji mkononi, bila karatasi. Nimemwambia katibu wa kamati, amesema wataingiza kwenye stakabadhi. Watakaotangulia kufika wanijulishe. Pia msichanganye: ule msitu mkubwa wa hifadhi ya serikali uko chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, una kibali chake na ada yake. Hela ya kambi haikufungulii lile geti.

Njia: kutoka Lindi mjini elekea Mnazi Mmoja, shika barabara ya Masasi, kisha unaacha lami na kupanda uwanda. Kiangazi bodaboda inafika bila shida. Masika usilete gari dogo, hata kama dereva wako anajiamini. Kuweka nafasi ni kwa kupiga simu kwa mtu mmoja tu, na mtandao huku unakuja na kuondoka, kwa hiyo piga siku kadhaa kabla.

Wa fungate, nendeni Kilwa. Mwenye masikio na subira, beba sweta, beba betri za akiba, na kama mbaazi huziwezi, beba na dagaa.