Tathmini ya kibao cha mguso cha kujitengenezea kwa mazoezi ya kuandika Kichina

Mwanafunzi wa Kichina aliyeko Dodoma, anayetaka mkono wake uzoee mpangilio wa mistari ya kila herufi lakini hana uwezo wa kununua kibao cha kuchorea cha dukani, anaweza kujitengenezea chake na akapata chombo kizuri. Hiki ninachokitathmini kina paneli ya mguso ya inchi 7 inayofanya kazi kwa mkandamizo, bodi ya Arduino Leonardo (kompyuta ndogo ya kupangiwa programu, ambayo kompyuta huiona kama kipanya), fremu ya mbao na waya wa USB. Paneli na bodi niliviagiza Kariakoo vikaja kwa basi, na kazi ya kuunganisha waya kwa risasi nilimpa fundi simu wa karibu na Soko la Majengo, ambaye aliifanya kwa usafi wa kupigiwa mfano.

Wengi huuliza kwa nini mtu asitumie tu sehemu ya kugusa iliyomo kwenye kompyuta mpakato. Sehemu hiyo hupima umbali ambao kidole kimesogea, wala haijali kidole kiko wapi. Ukimaliza mstari wa kwanza wa herufi 十 na kuinua kidole, kishale hubaki palepale mstari ulipoishia, nawe unalazimika kukivuta hadi juu katikati kabla ya kuandika mstari wa wima, na kwa herufi yenye mistari kumi na zaidi mkono hujifunza kuvuta kishale badala ya kujifunza kuandika. Kibao hiki hutoa mahali penyewe: kona ya juu kushoto ya paneli ndiyo kona ya juu kushoto ya mraba ulioko kwenye skrini, wakati wote. Nasisitiza jambo hili kwa sababu maktaba ya kipanya inayokuja na Arduino, yaani kifurushi cha programu kilichokwisha andikwa, hutuma mwendo tu. Ni lazima kutafuta maktaba inayotuma mahali halisi, la sivyo kazi yote ya fundi inapotea bure.

Ndani ya paneli mna tabaka mbili zilizopakwa utando mwembamba unaopitisha umeme, zikitenganishwa na vidoto vidogo sana. Bodi hupitisha volti 5 kutoka ukingo mmoja wa tabaka hadi ukingo wa pili, ikasoma volti kupitia tabaka lingine pale kalamu ilipozigusanisha, kisha ikabadilisha zamu ili kupata kipimo cha upande wa pili. Kila kipimo huwa namba kati ya 0 na 1023, kwa hiyo katika upana wa sentimita 15 hatua moja ni takriban milimita 0.15. Namba hizo hutikisika, na dawa yake ni kusoma mara kadhaa kwa mfululizo na kuchukua ile ya katikati. Usahihi unaobaki unatosha kabisa kutofautisha 土 na 士, au 未 na 末, herufi ambazo hutengana kwa urefu wa mistari ya mlalo peke yake.

Paneli ni pana kuliko ilivyo ndefu, ilhali herufi ya Kichina huandikwa ndani ya mraba. Asiyesawazisha vipimo vya pande hizo mbili ataandika 曰 na kuona 日, ambayo ni herufi nyingine kabisa. Nimeziba pembeni kwa utepe mweusi na kubakiza mraba mmoja, uliogawanywa kwa msalaba kama ulivyo kwenye madaftari ya mazoezi ya wanafunzi wa China, na kwa maoni yangu hatua hii ndogo imekipa kibao thamani kuliko nyingine yoyote.

Udhaifu mkubwa unaonekana mwisho wa mstari. Kalamu inapoanza kuinuka, tabaka hugusana kwa shida na namba huruka, hivyo kikulabu cha chini ya 小 huota mkia usiotakiwa. Programu ya bodi inapaswa kupima pia nguvu ya mkandamizo na kutupa vipimo vyote vya mguso hafifu. Udhaifu wa pili hauna dawa: kiganja kikiegemea paneli pamoja na kalamu, bodi husoma nukta moja iliyo kati ya viwili hivyo. Lazima kiganja kiinuliwe au kiegemee fremu.

Kwa upande wa programu, nimeitumia Hanzi Writer, ambayo ni ya bure, ina mistari ya herufi zaidi ya 9,000, na data zake zikishapakuliwa haihitaji intaneti. Hukagua kila mstari kwa zamu yake na kwa mwelekeo wake. Hata hivyo, ukipatia, huufuta mstari wako na kuweka ule wake ulionyooka, kwa hiyo mwandiko mbaya haujionyeshi. Namshauri mwanafunzi aandike herufi hiyohiyo pia katika programu ya kawaida ya kuchorea, inayoacha wino kama alivyouweka. Katika mfumo wa ngazi 6 wa HSK, mtihani wa China wa kupima Kichina cha wageni, sehemu ya kuandika huanza ngazi ya 3, na anayeufanya kwa karatasi huandika kwa mkono wake mwenyewe. Wanaosoma katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dodoma wakiwa na lengo hilo watanufaika nacho mapema.

Kuhusu uimara, vumbi letu la kiangazi ndilo adui, kwa kuwa likipenya ukingoni huzuia tabaka zisigusane vizuri, basi kingo zote zizibwe kwa gundi ya silikoni. Kalamu iwe ya plastiki yenye ncha butu, kwani ncha kali hupasua utando. Paneli ikichakaa huchomolewa nyaya zake nne na kubadilishwa yenyewe, bila kugusa bodi wala fremu.