Pampu Yangu Haikupimwa: Uzoefu Wangu na Gereji Moja ya Dar es Salaam

Si kawaida yangu kuwasema mafundi, kwa sababu wengi wao hufanya kazi ngumu juani kwa malipo madogo, lakini gereji moja ya hapa Dar es Salaam, ambayo jina lake nalihifadhi, imenikera kiasi cha kunifanya niandike. Gari langu ni la Kijapani, la petroli, la miaka ya 1990, ambalo pampu yake ya mafuta imezamishwa ndani ya tangi, chini ya kiti cha nyuma. Katika msimu wa masika lilikataa kuwaka: stata ilizungusha injini kwa nguvu, betri ilikuwa nzima, lakini injini haikushika.

Fundi mkuu alifungua swichi, akainamisha kichwa kidogo, hakusikia mlio wowote, akatangaza kwamba pampu imekufa. Uchunguzi uliishia hapo. Ni kweli kwamba magari mengi ya nozeli, yaani vifaa vinavyoinyunyizia injini mafuta, huizungusha pampu kwa sekunde 2 hivi mara swichi inapofunguliwa, na mlio wake husikika. Lakini magari kadhaa ya Kijapani ya umri wa hili langu hayafanyi hivyo, bali huipa pampu umeme wakati stata inazunguka, kisha huendelea kuipa maadamu injini imewaka. Ukimya ule, basi, haukuthibitisha chochote. Ilitakiwa mtu mmoja apige stata huku mwingine akitega sikio kwenye mdomo wa tangi, na kama hakusikika mlio, kiti cha nyuma kiinuliwe, soketi ya pampu ichomolewe, na taa ya kupimia iwekwe hapo wakati stata inazunguka. Umeme ukifika na waya wa hasi ukiwa mzima, halafu pampu isizunguke, hapo pampu ndiyo mbovu. Umeme usipofika, kosa litafutwe kwenye fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na nyaya, na pampu iachwe kwanza. Geji ya presha ya mafuta nayo, ambayo kwa mfumo wa aina hii ingetarajiwa kusoma karibu psi 40, sikuiona ikiguswa, na sina hakika kama wanayo.

Nilimuuliza kwa adabu kama amepima umeme kwenye soketi. Hakunitazama. Alijibu akiwa ameelekea kwa wasaidizi wake: "Mama, wewe kaa kivulini, hizi si kazi za kusomea." Vijana wakacheka. Nimefundisha fizikia sekondari kwa muda mrefu, na ninajua kwamba mota isiyofikiwa na umeme haizunguki hata ikiwa mpya. Lakini hata kama ningekuwa sijui lolote, gari ni langu na fedha ni zangu, na swali la mteja lina haki ya kujibiwa.

Pampu mpya ilinunuliwa kwa fedha zangu, ikafungwa, na gari halikuwaka. Mtu mwenye haya angeshika taa ya kupimia walau wakati huo. Huyu alihamia kwenye nozeli, akadai zimeziba, na kabla hata ya kuzifungua akasema huenda tatizo ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ambayo alikuwa na mtu wa kuniuzia. Niliomba gari lisukumwe hadi nje.

Fundi umeme wa magari niliyemwita alianza na soketi ya pampu. Hapakuwa na umeme. Alifuata waya hadi chini ya dashibodi, akakuta rilei ya alamu iliyofungwa na mmiliki wa zamani ili kukata pampu gari likiibwa. Maungio yake yalikuwa yamezungushiwa utepe tu, nao unyevu ulikuwa umeyala mpaka yakawa na kutu ya kijani. Aliyakata, akayaunga upya, na gari likawaka papo hapo.

Nakiri kwamba pampu waliyoifunga haina kelele na haivuji, na kwa gari la umri huu pampu mpya si hasara kabisa. Kwa sababu hiyo nilikusudia kuwapa nyota mbili na kusema kwamba kwa kazi ya kufungua na kufunga wanaaminika, mradi ugonjwa wa gari utambuliwe na mtu mwingine.

Kisha nilirudi kuiomba pampu yangu ya zamani. Nikaambiwa imetupwa. Imetupwa wapi, pampu ambayo hakuna aliyeipima, wakati pampu iliyotumika ya gari kama hili haikosi mnunuzi kule Gerezani? Niliposisitiza, fundi mkuu aliniambia kwamba spea mbovu ni mali ya gereji, utaratibu ambao haukuandikwa popote wala sikuelezwa kabla ya kulipa. Nyota ya pili naiondoa. Hiyo moja iliyobaki ni ya yule kijana aliyenisukumia gari hadi getini na kuninong'oneza namba ya fundi umeme.