Kubandua filamu ya kulinda rangi iliyozeeka: huduma niliyoipata kwa Impreza ya mwaka 2006

Gari langu ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2006, ya buluu ile yenye namba ya rangi 02C, ambayo niliiagiza kutoka Japani mwaka 2013, umri wake ulipokuwa bado ndani ya miaka minane inayoruhusiwa nchini Kenya kwa magari yaliyokwisha kutumika. Buluu hiyo niliipenda tangu mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda Safari Rally akiwa na Impreza, na ndiyo sababu mwaka 2014 nililipeleka gari likabandikwe filamu ya kulinda rangi, utando wa plastiki unaopitisha mwanga, ile ambayo mafundi wetu huiita PPF tu. Ilibandikwa kwenye bampa la mbele, nusu ya mbele ya boneti, ncha za madigadi ya mbele, migongo ya vioo vya pembeni, na sehemu ya madigadi ya nyuma iliyotuna, ambayo hupokea kila kokoto inayorushwa na magurudumu ya mbele. Kwa miaka kumi ya safari za Nairobi na Mombasa nyuma ya malori, filamu hiyo ilifanya kazi yake bila lawama. Ninachokitathmini hapa ni kazi ya kuiondoa na kuweka nyingine, iliyofanywa na karakana ndogo ya Eneo la Viwanda, Nairobi, na nitakaa zaidi kwenye kuiondoa kwa sababu huko ndiko fundi hujulikana.

Kufikia mwaka 2024 filamu ilikuwa imechoka kabisa. Umanjano ukikaa juu ya buluu hauonekani kama umanjano bali kama ukijani mchafu, kwa hiyo kwa muda mrefu nilidhani rangi yenyewe ndiyo iliyofubaa. Juu ya boneti ilikuwa imepasuka mistari midogo kama tope la bwawa lililokauka, kingo zake zilikuwa zimeinuka na kushika ufito mweusi wa vumbi na nta ya zamani, na kila nilipoosha gari maji yalikuwa yakiingia chini yake. Jua ndilo linalofanya hayo. Filamu hizi hutengenezwa kwa poliyurethani, na si poliyurethani zote zinazostahimili miale ya urujuanimno. Zile za aina duni, pamoja na gundi yake, hugeuka rangi na kukakamaa, hasa kwenye gari linaloegeshwa nje mwaka mzima katika mji ulio karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kama Nairobi.

Kabla ya kufika kwenye karakana hii nilianzia kwingine, na lazima nieleze yaliyonipata huko, kwa kuwa ndiyo yanayowapata wenye magari ya umri huu. Kijana aliyepewa kazi alianza asubuhi, gari likiwa bado na baridi ya usiku, akashika pembe ya filamu kwenye madigadi ya mbele ya kushoto na kuivuta kwenda juu kwa nguvu, kama mtu anayeng'oa plasta kwenye kidonda. Filamu ilitoka, na ikatoka na klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, pamoja na rangi yenyewe, kipande chenye upana wa vidole vitatu, pakabaki praima ya kijivu ikinitazama. Nilisimamisha kazi papo hapo. Sikumlaumu sana yule kijana, maana hakuna aliyekuwa amemfundisha, lakini mwenye gereji aliyepokea gari bila kulipima wala kuniuliza historia ya rangi yake hakustahili kulipokea.

Katika karakana ya pili hakuna aliyeigusa filamu siku ya kwanza. Fundi alitoa kipimo cha unene wa rangi akakizungusha gari zima, akiandika tarakimu kwa chaki ya nta juu ya vioo. Paa na milango vilisoma kati ya mikroni 105 na 130 (mikroni elfu moja ni milimita moja), kiwango cha kawaida kwa rangi ya kiwandani ya gari la Kijapani. Madigadi yaliyochubuliwa yalisoma 290, maana yake yalipigwa rangi upya zamani, huenda huko Japani, nami nilikuwa sijui kwa miaka yote hiyo. Rangi iliyopigwa upya mara nyingi haishiki kama ya kiwandani, ambayo huokwa kwenye tanuri kabla gari halijafungwa vipuri vyake, na ndiyo hiyo hutoka na filamu. Hapo nikajifunza jambo ambalo kila mwenye STI ya kizazi hiki anapaswa kulijua. Vipimo vya bei ndogo hutegemea sumaku na husoma chuma cha kawaida tu, ilhali boneti ya gari hili ni ya alumini, na bampa na pua ya kuingizia hewa juu ya boneti ni plastiki. Yaani sehemu zenye filamu nyingi kuliko zote ndizo ambazo kipimo cha namna hiyo hakizioni. Kipimo cha karakana hii kinasoma chuma na alumini pia, na kwa plastiki fundi alitumia taa na macho: alitafuta chembe za vumbi zilizonaswa ndani ya klia, akachungulia chini ya raba na kwenye mikunjo ya ndani kama kuna mstari wa tepu ulioachwa na mpiga rangi. Aliporidhika alinionyesha kwenye karatasi sehemu tatu ambazo hangeweza kuzidhamini, akaniomba nitie sahihi. Nilitia sahihi kwa moyo mweupe, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameniambia hatari iko wapi kabla ya kunitajia bei.

Kazi ya kubandua ilichukua siku mbili na nusu, na boneti peke yake ilikula siku nzima. Fundi aliipuliza mvuke sehemu ndogo yenye ukubwa wa daftari, akaiwekea mgongo wa kiganja, akapuliza tena, kisha akainua pembe kwa ukucha na kuanza kuikunja filamu irudi nyuma juu yake yenyewe, karibu ilale kwenye mwili wa gari, polepole sana, mkono mmoja ukivuta na mwingine ukifuata na mvuke nyuma ya mkunjo. Filamu ikivutwa hivyo, gundi huachia kwenye mstari mwembamba mmoja tu na rangi haipati mzigo mkubwa. Ikivutwa wima, nguvu yote huielemea klia. Nilimuuliza kwa nini hatumii mashine ya hewa ya moto ili amalize upesi. Akanijibu bila kuinua macho, "Mzee, hewa ya moto inachoma mahali pamoja na kuacha pengine pabichi. Mvuke unaingia kote." Palipokuwa na nyufa hakukuwa na karatasi ya kuvuta, kwani filamu ilitoka vipande vya ukubwa wa kucha, na mara kadhaa tabaka la juu lilitoka peke yake na kuiacha gundi yote imeganda kwenye rangi. Sikusikia mtu akilalamika.

Gundi hiyo iliondolewa kwa dawa ya mafuta ya maganda ya machungwa, iliyopakwa na kufunikwa kwa nailoni dakika kumi ili isikauke, kisha ikasukumwa kwa wembe wa plastiki na kufutwa kwa spiriti. Hakukuwa na petroli wala thina, vitu ambavyo nimeviona kwenye gereji nyingi vikimiminwa juu ya gari bila hofu. Thina hulainisha rangi, hasa rangi iliyopigwa upya, na madhara yake huonekana wiki kadhaa baadaye, fundi akiwa ameshalipwa.

Filamu ilipokwisha kutoka, boneti ilionyesha umri wake. Nusu iliyofunikwa ilikuwa na buluu ya ndani zaidi, ile ambayo sikuwa nimeiona tangu mwaka 2014, na nusu iliyoachwa wazi ilikuwa imepauka na kujaa vidonda vidogo vya mawe. Kati yao kulikuwa na mstari ulionyooka. Walipiga polishi kwa mashine, wakipima unene kila baada ya mzunguko, na wakasimama kabla mstari haujaisha kabisa, wakanieleza kwamba kuufuta wote kungekula klia ambayo gari la karibu miaka ishirini haliwezi kuipoteza. Nakubaliana nao. Mstari bado upo kwa anayejua pa kutazama, jua likiwa limeinama jioni, na nauona ni afadhali kuliko klia iliyokonda.

Kuhusu filamu mpya nitasema kwa ufupi. Ni ya poliyurethani, nene kiasi cha mikroni 200, yenye tabaka la juu ambalo mikwaruzo midogo hujifunga likipata joto, na mtengenezaji anaidhamini miaka 10 dhidi ya kugeuka manjano na kupasuka. Kabla ya kununua fundi alinipa vipande viwili nivivute kwa mikono: cha poliyurethani kilivutika kisha kikarudi polepole, na cha PVC, plastiki ya bei nafuu, kilivutika kikabaki kimelegea na kuingia weupe. Yeyote anayeuziwa filamu kwa bei ya kushangaza aombe kipande akivute kwanza. Safari hii niliomba boneti nzima ifunikwe, nisiachiwe mstari mwingine. Vipande vingi vilikatwa kwa plota, mashine inayokata kwa kufuata mchoro wa kompyuta, kabla havijagusa gari, na pale ambapo kielelezo cha kompyuta hakikulingana na bampa langu walitumia uzi wa kukatia unaolazwa chini ya filamu na kuvutwa, badala ya kupitisha wembe juu ya rangi.

Yapo niliyoyaona kuwa kasoro. Waliniahidi siku tano zikawa nane, na siku ya sita ilinibidi nipige simu mimi ndipo nielezwe kwamba walikuwa wakisubiri filamu zaidi. Ukingo wa filamu kwenye pua ya boneti, upande wa kulia, ulikuwa umebaki mfupi kwa kama milimita tatu, na walipoona nimeuona walikibandua kipande hicho wakakata kingine bila malipo, jambo zuri, ila ningependa wangeuona wao kwanza. Bei nayo si ya kila mtu: nililipa shilingi 38,000 kwa kubandua na kusafisha gundi, 22,000 kwa polishi, na 120,000 kwa filamu na kuibandika, mbali na rangi ya madigadi yaliyochubuliwa, ambayo ilipigwa kwa mpiga rangi mwingine na kuachwa mwezi mzima ikauke kabla ya kufunikwa. Mwezi huo nilizunguka na gari lenye shavu moja wazi. Nilishauriwa hivyo kwa sababu rangi mbichi huendelea kutoa mvuke wa thina, na filamu ikiuzuia hupata mapovu au kuja kuiambua rangi siku ya kubanduliwa.

Mapovu ya maji yaliyobaki chini ya filamu mpya yalikauka ndani ya wiki tatu, na sikuosha gari kwa wiki ya kwanza kama nilivyoelekezwa. Tangu hapo nimekwenda Naivasha mara mbili kwa njia ya Mai Mahiu na Mombasa mara moja. Karibu na Voi lori lilirusha jiwe likagonga madigadi ya nyuma kwa mlio ulionifanya nisimame kando ya barabara. Palikuwa na kibonyeo kidogo kwenye filamu, chenye upana wa punje ya mtama. Jioni nilimwagia maji ya uvuguvugu, na asubuhi niliposhika taa kukitafuta, nilipapasa kwa kidole bila kukipata.