TAHADHARI: Muuzaji wa mitungi pacha ya kuzamia, Goma

Wandugu wa Goma, na nyinyi wa Bukavu mnaotumiwa picha, tafadhali msimlipe huyu mtu. Anapita katika makundi ya Watsapu akiuza mitungi pacha ya hewa ya kuzamia majini, miwili imefungwa pamoja, rangi ya manjano inang'aa. Anasema imetoka Mombasa. Anataka nusu ya bei kwa M-Pesa kwanza, kisha anakuita mtaa wa Birere jioni na kukuharakisha.

Jirani yangu alinunua. Tulipokwangua rangi kwenye bega la mtungi mmoja, kukatokea nyekundu: ni mtungi wa kuzimia moto! Wa pili ni wa kuzamia kweli, lakini chapa ya kipimo cha mwisho ni ya 1998, na namba iliyo kwenye karatasi aliyopewa si ile iliyogongwa kwenye chuma. Nchi nyingi hutaka mtungi upimwe kwa shinikizo la maji kila miaka 5, na tarehe hugongwa palepale begani. Mtungi wa lita 12 ukijazwa hadi bari 200 (bari ni kipimo cha shinikizo) unabeba lita 2,400 za hewa iliyobanwa. Ukiwa umeliwa na kutu na ukapasuka, wa kwanza kufa ni anayeujaza.

Kinachoniuma zaidi ni ahadi yake kwamba mtungi mmoja ukiharibika unabaki na mwingine. Hilo ni kweli pale tu bomba linalounganisha mitungi lina vali ya katikati ya kuitenganisha, na kila upande una kipumulio chake. Bomba lake limechomelewa tu, vali hiyo haipo. Shingo ya mmoja ikivuja, hewa ya yote miwili inatoka nawe ukiwa chini. Tena Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo majedwali ya wazamiaji wa baharini, yanayoonyesha muda wa kukaa chini na namna ya kupanda, hayafai hapa bila kurekebishwa. Yeye hayo hamwambii mtu.

Najua kwa nini vijana wetu wanaitafuta mitungi hii. Boti ya abiria Merdi ilipozama ziwani karibu na bandari ya Kituku, Oktoba 2024, nani hakutamani kushuka kutafuta watu wake? Ndiyo maana nimekasirika hivi.

Aliyekwisha kununua asiijaze popote, na hasa asiipeleke kwa wenye kompresa za matairi, kwani hewa ile inaweza kuwa na moshi na mafuta. Tunzeni ujumbe wa malipo, pigeni picha chapa za begani, mziweke hapa chini pamoja na namba ya simu aliyowapigia, maana anazibadilisha.