Antivairasi ikisingizia faili: uzoefu wangu na VirusTotal

Nina steshenari Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la Mwaloni. Nusu ya kazi yangu ni kuchapa na kutoa kopi, nusu nyingine ni kusafisha flashi za watu. Kwa hiyo sina ugomvi na antivairasi. Tatizo ni pale inapomkamata asiye na hatia, na hapo ndipo ninapoitegemea VirusTotal. Ni tovuti ya bure, ilianzia Hispania mwaka 2004, Google ikainunua 2012. Unaipa faili, inalipitisha kwenye antivairasi zaidi ya 70, kisha unasoma kila moja imesema nini.

Kesi iliyonifanya niiheshimu ni ya mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla. Programu yake ya stoo, aliyoandikiwa na kijana wa Buzuruga kwa lugha ya Python, ilitoweka asubuhi. Aikoni imebaki nyeupe, ukiibofya unaambiwa faili halipo.

"Mwanangu, magunia yangu yameenda wapi humo ndani?"

Magunia yalikuwepo. Antivairasi (jina lake nalihifadhi) ilikuwa imeikamata programu tu na kuiweka karantini, yaani kuifungia pembeni isifanye kazi. Rekodi za mauzo hukaa kwenye faili la pembeni, na hilo haikuligusa. Nilimwonyesha faili lenyewe na tarehe ya jana yake, ndipo akakubali kukaa.

Watu wengi hapo huzima antivairasi, mambo yaishe. Mimi niliirudisha programu kutoka karantini bila kuifungua, nikafungua lile dirisha jeusi la Windows na kuandika: certutil -hashfile stoo.exe SHA256. Zikatoka herufi na tarakimu 64, ambazo ndizo alama ya vidole ya faili. Kijana naye akafanya hivyohivyo kwa faili lake la asili, akanitumia alama yake kwa WhatsApp. Zililingana mwanzo hadi mwisho. Hatua hii naiamini sana, kwa sababu kuna virusi kama Sality vinavyojichomeka ndani ya programu nzima, na kimoja kikiingia tu, alama yote hubadilika. Zisipolingana, na toleo ni lilelile, usibishane na antivairasi.

Lakini alama kulingana hakutoshi kama kompyuta ya kijana yenyewe ni chafu. Ndiyo nikaingia VirusTotal. Kwanza nilibandika ile alama tu, maana haili bando. Haikulijua faili, wala si ajabu kwa programu ya duka moja la dagaa. Nikalipakia lote, kikomo ni MB 650, na hili halikufika hata robo.

Majibu ndiyo sehemu ya kusoma kwa makini. Wengi walisema ni safi, wachache wakalia. Usihesabu waliolia tu, soma na majina waliyotoa. Yote yalikuwa ya kubahatisha: "Generic", "Heur", "Suspicious", "ML". Hakuna aliyetaja ukoo wa kirusi kinachojulikana. Nikimuona mmoja tu amelia lakini ametaja ukoo kamili, nasita zaidi kuliko nikiona watano wa "Generic". Sababu nayo ilieleweka: kijana alitumia PyInstaller, ambayo hufunga kila kitu kwenye faili moja linalojifungua lenyewe kwenye folda ya muda likianza kazi. Virusi vingi navyo hufanya hivyohivyo, na programu isiyo na saini ya kidijitali haina wa kuidhamini.

Wala si programu za vijana wa mtaani tu zinazosingiziwa. Aprili 2010, sasisho la McAfee liliiona svchost.exe, faili la Windows XP lenyewe, kuwa kirusi, na kompyuta nyingi duniani zikawa zinazima na kuwaka bila kukoma.

Nililotuma kwa kampuni ya antivairasi ni taarifa kupitia ukurasa wao wa kuripoti makosa, na kwenye kompyuta ya mama nikaruhusu faili lile moja. Folda nzima siruhusu, na diski C ndiyo kabisa.

Sasa lawama yangu kwa VirusTotal. Unachopakia hakibaki siri: makampuni ya usalama na wateja wao wanaolipia wanaweza kukichukua. Programu ya stoo sawa, lakini mkataba wa kiwanja au vyeti vya mteja, hapana! Hapo bandika alama ya vidole tu. Pili, haiamui kwa niaba yako. Mwanafunzi mmoja wa Malimbe aliniletea "kraki" ya programu ya kuchora, yaani ya kuvunja kufuli lake ili aitumie bila kulipia: "Kaka, wanasema uzime antivairasi kwanza, ni uongo tu." Nusu ya orodha ilikuwa nyekundu, na majina ya koo yametajwa. Nilimrudishia flashi yake ikiwa safi, kraki haimo. Alinuna.

Kwa jumla naipa nyota nne. Ile ya tano imezuiliwa na suala la siri.

Wiki hii kijana ameleta toleo jipya la stoo, linalokokotoa bei kwa ndoo na kwa gunia. Alama imebadilika, kama inavyotakiwa, na antivairasi ileile imelia tena. Taarifa nimeshatuma upya. Mama anauliza kama anaweza kuendelea na la zamani, nikamwambia aendelee tu.