Lexus LFA: injini ya kusifiwa, giaboksi ya kuvumiliwa

Magari mengi ya toleo la idadi maalumu huwa ni gari la kawaida lililoongezwa nguvu, likabandikwa namba na kupandishwa bei. LFA, gari la kasi la Lexus, chapa ya Toyota, haikuzaliwa hivyo. Mradi ulianza mwaka 2000 chini ya mhandisi mkuu Haruhiko Tanahashi. Gari la kwanza la kuuzwa lilitoka kiwanda cha Motomachi, Japani, Desemba 2010, na la 500, ambalo ndilo la mwisho, Desemba 2012. Yaani miaka kumi ya maandalizi kwa miaka miwili ya uundaji, kwa mwendo wa gari moja kwa siku, 20 kwa mwezi.

Kilichokula muda ni bodi. Mwanzo ilikuwa ya alumini, na kazi ilikuwa imeshafika mbali ilipoamuliwa ihamie kwenye nyuzi za kaboni. Uamuzi huo ulipunguza takriban kilo 100, lakini kaboni haichukui nafasi ya alumini hivi hivi. Haichomelewi, hushikana kwa gundi na boliti, na nguvu yake hufuata uelekeo wa nyuzi. Kila kiungo na kila sehemu ya kufungia saspensheni ilibidi ichorwe upya. Gari lililouzwa lilikuwa na bodi ya kaboni kwa asilimia 65 na alumini asilimia 35, likiwa na uzito wa kilo 1,480.

Toyota iliifanya kazi hiyo yenyewe, kwa njia kadhaa. Chumba cha abiria ni vitambaa vilivyokwisha kulowekwa resini (gundi ya plastiki inayoganda), vinavyopangwa kwa mkono tabaka juu ya tabaka, kisha kuokwa kwenye tanuri lenye shinikizo. Hii ndiyo njia imara kuliko zote, na ndiyo ya polepole: kikunjo kimoja au kiputo cha hewa kikibaki katikati ya tabaka, hapo pamekuwa dhaifu, na kwa nje huoni kitu. Boneti na paa hutumia nyuzi kavu zilizowekwa kwenye kalibu, resini ikasukumwa ndani. Nguzo za nyuma ni nyuzi fupi zilizochanganywa na resini na kugandamizwa, njia ya haraka kwa sehemu zisizobeba mzigo mkubwa. Nguzo za kioo cha mbele ndizo zinazovutia zaidi: mashine ya mviringo huzisuka nyuzi kuzunguka kiini, tabaka kwa tabaka, kama mtu anayesuka kikapu kirefu chembamba. Kampuni iliyochipuka kutoka kiwanda cha mashine za kufuma cha Sakichi Toyoda ilikuwa imerudi kwenye uzi.

Injini, iliyoundwa pamoja na Yamaha, ni V10, yaani silinda kumi zilizopangwa kwa umbo la V, ya lita 4.8 yenye nguvu farasi 560 kwenye mizunguko 8,700 kwa dakika. Pembe ya V ni nyuzi 72, na kuna sababu: silinda kumi zikigawana mizunguko miwili ya kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), yaani nyuzi 720, kila mwako unafuata mwenzake kwa nafasi sawa bila ujanja wowote kwenye kranki. Konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na kranki) na vali ni za titani, na kila silinda ina kipepeo chake cha kuruhusu hewa kuingia. Mafuta ya kulainishia hukaa kwenye tangi la pembeni badala ya sampu, yaani bakuli la chini ya injini, hivyo injini imekaa chini zaidi na mafuta hayakimbii pampu kwenye kona kali. Hupanda kutoka sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, hadi mizunguko 9,000 kwa sekunde 0.6. Mshale wa kawaida wa kipimo cha mizunguko haukuweza kuikimbiza kasi hiyo, ndipo ikawekwa skrini. Kwenye mizunguko 9,000 kuna miwako 750 kila sekunde, na Yamaha, watu wa ala za muziki, walisaidia kutengeneza mifereji ya kuileta sauti hiyo ndani. Hapa hatuna la kulalamikia.

Giaboksi ni habari nyingine. Imewekwa nyuma, pamoja na rejeta, ili uzito ugawanyike asilimia 48 mbele na 52 nyuma. Hilo ni jema. Lakini ni ya gia sita yenye klachi moja inayojiendesha, na ubadilishaji wake wa haraka kabisa ni sekunde 0.2. Klachi moja lazima iachie, gia ibadilike, kisha ishike tena; katikati hapo magurudumu hayapati nguvu, na kwenye foleni kichwa chako kinajua. Washindani wa wakati ule walikuwa tayari na klachi mbili. Ni kweli klachi mbili ni nzito zaidi, ila gari la dola 375,000 lilipaswa kubadili gia kwa ulaini zaidi ya huu.

Kifurushi cha ziada cha Nürburgring, kilichopewa jina la uwanja wa mbio wa Ujerumani, kilifikisha nguvu farasi 571, kikapunguza ubadilishaji gia hadi sekunde 0.15, kikashusha gari milimita 10 na kuweka bawa la nyuma lisilokunjika. Mwaka 2011, Akira Iida alizunguka nalo Nordschleife, njia ndefu ya uwanja huo, kwa dakika 7 na sekunde 14.64. Kwa barabara za kawaida, toleo la msingi linatosha.

Anayelitafuta leo aanze na kaboni. Gari lililogongwa halinyooshwi kwa nyundo. Tabaka zikiachana ndani, rangi mpya huficha kila kitu, kwa hiyo dai kipimo cha mawimbi ya sauti kwenye chumba cha abiria na sehemu za kufungia saspensheni. Halafu uliza klachi imebaki kiasi gani, kwa sababu kutambaa kwenye foleni na kurudi nyuma mlimani ndiko kunakoimaliza. Breki ni za kaboni na kauri, diski za mbele milimita 390: angalia kingo zilizomeguka, maana gurudumu likibamizwa wakati wa kufungwa huzivunja. Hata tairi zina masharti, 265/35 mbele na 305/30 nyuma, zote za inchi 20, hivyo usitegemee kuhamisha za mbele kwenda nyuma.