Nimesomesha mwanangu chekechea mbili hapa Mwanza: nilichokiona

Nauza dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa. Mwanangu wa kwanza alipofikisha miaka minne nilikuwa nakwenda naye kazini, analala juu ya magunia mpaka nimalize na wateja. Mama alikuwa anasema mtoto anajifunza kwa bibi yake, shule ya vidudu ni kumwaga hela. Nimejaribu shule mbili, na kwa kuwa wenzangu pale mwaloni wananiuliza kila siku, acha niandike.

Ya kwanza ilikuwa ya mtu binafsi, nyumba ya kupanga yenye geti lililochorwa vikatuni. Ada laki na nusu kwa muhula, sare na usafiri mbali. Kilichonivutia ni madaftari. Kila jioni mtoto anarudi na kurasa mbili za "a a a a" zilizosahihishwa kwa kalamu nyekundu, nami naamini anasoma. Mwezi wa tatu akaanza kulia asubuhi, ameng'ang'ania mlango. Nikaenda saa nne bila kumwambia mtu. Nikakuta watoto wa miaka mitatu, minne, wamebanana kwenye madawati wananakili ubaoni, kimya, fimbo iko mezani. Mwanangu alikuwa ameishika penseli kwa ngumi, anakandamiza mpaka karatasi imetoboka. Muhula ule ukawa wa mwisho.

Alipofika mitano nikampeleka darasa la awali kwenye shule ya msingi ya serikali, huku kwetu mlimani katikati ya mawe. Ada hakuna, iliondolewa kuanzia awali mpaka kidato cha nne tangu 2016. Tunachangia uji tu. Siku ya kwanza mtoto alimwamkia mwalimu "mwangaluka," kama anavyomwamkia bibi yake. Mwalimu akamwitikia kwa Kisukuma, akachuchumaa wakawa sawa kwa urefu, ndipo akamuuliza, "Na hapa shuleni tunaamkianaje?" Akajibu shikamoo kwa sauti ambayo shule ya kwanza sikuwahi kuisikia.

Pale penseli huja baadaye. Wanafinyanga udongo, wanapanga vizibo vya soda, wanaimba, wanasimuliwa hadithi na kuulizwa ingekuwaje kama sungura asingekimbia. Nilimuuliza mwalimu mbona daftari halijai. Akaniambia vidole vinavyofinyanga ndivyo vitakavyoandika, na mtoto asiyeweza kueleza jambo kwa mdomo hana cha kuandika. Nilimwelewa kabisa Jumamosi moja pale mwaloni. Nilikuwa napima dagaa, mtoto akaomba sado. Akachota, akamimina kwenye debe, anahesabu kwa sauti. Ya tano debe likajaa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mama, madebe mawili si sado kumi?" Hakuna aliyemfundisha swali hilo. Mteja wangu mmoja wa siku nyingi alisimama akamwangalia, akaniambia huyu usimwachishe shule.

Na si hesabu peke yake. Sasa anasubiri zamu yake. Akigombana na mwenzake anasema kilichomuudhi, zamani alikuwa anauma.

Kasoro zipo, na zinaniuma. Utaratibu unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Siku niliyokaa darasani nilihesabu 71, mwalimu yuleyule mmoja. Hakuna vyoo vya kimo chao, wanatumia vya wakubwa, na wengine wanaogopa wanajibana mpaka warudi nyumbani. Mvua kubwa ikinyesha njia ya mawe inateleza, hatuwapeleki. Wazazi tukishirikiana na kamati ya shule, choo kidogo tunaweza kukijenga, mimi niko tayari kutoa mifuko miwili ya saruji.

Kwa hiyo ukienda kuangalia shule, geti na sare achana navyo. Nenda saa nne asubuhi, simama dirishani, usikilize. Watoto wanaongea? Mwalimu anawaita kwa majina? Kuna vitu vya kushika mkononi? Wala usidhani awali ni ya hiari: Sera ya Elimu ya 2014 imeufanya mwaka huo mmoja kuwa wa lazima, na mtoto anayerukia darasa la kwanza anaingia akiwa mgeni wa kila kitu.

Mdogo wake anaanza Januari, palepale. Cheti cha kuzaliwa nimeshapeleka, na safari hii bibi yake ndiye aliyenikumbusha.